Bomba la Kushoto Ni Baridi

Kimara Korogwe, Dar es Salaam
14 Januari 2024

Mjomba Adelard,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Sie huku Kimara tu wazima, ukiacha mafua ya vumbi, na mume wangu Augustine ambaye mgongo unamsumbua akidai ni viti vya pale shuleni anapofundisha. Loveness ametimiza miaka miwili na ameshaanza kusema. Neno lake la kwanza lilikuwa "hapana", na mpaka leo ndilo analolipenda kuliko yote. Ana paji la uso la marehemu mama. Siku ukimwona hutahitaji kuambiwa ni wa kwetu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako haipatikani tangu mwaka juzi. Nilimpigia mwenyekiti wa kitongoji chako. Alisema upo, unalima, afya njema, ila alipokupa simu tuongee ulitikisa kichwa ukamrudishia. Sijui nielewe vipi. Basi barua hii anaileta mama Hamida, jirani yetu anayefuata korosho huko kwenu. Ataiacha kwa mwenyekiti.

Sasa mjomba, pikipiki. Ile nyekundu yako ya silinda mbili, uliyoniachia ulipohama Temeke, nimeitoa stoo. Nimeifuta vumbi, nimeweka betri mpya, oili mpya, petroli safi. Nikapiga kiki mpaka goti likaniuma, na ilipowaka machozi yalinitoka, sikufichi. Lakini haiko sawa. Inatetemeka mpaka kioo cha pembeni hakionyeshi kitu. Ukiacha kuipa resi inazimika. Ukiipa, inakwenda kwa kujivuta, nguvu haina, na nyuma inanuka petroli mbichi. Fundi wa kwanza hapa mtaani alisema ni kabureta, akazisafisha zote mbili, hali ikawa ileile. Wa pili anataka kufungua injini. Nikamwambia asubiri kwanza niulize kwa mwenyewe.

Nimeurekodi mlio wake kwenye simu. Wewe ulikuwaga unakunywa chai ndani, gari linapita nje, unasema "yule klachi inamwishia." Niambie nimtumie nani huko akusikilizishe, utajua mara moja.

Mwanao,
Anjelina


Mwena, Ndanda
25 Februari 2024

Mwanangu Anjelina,

Marahaba. Milele amina. Barua yako ilinifikia ikinuka dagaa, nadhani ilisafiri na mzigo wa mama Hamida, nami nikaisoma hivyohivyo kwa furaha. Mvua za mwaka huu zimekuja kwa adabu. Mahindi yamenifika kiunoni, ila upande wa mtoni nguruwe pori wameshajigawia fungu lao. Mimi sina ugonjwa wa kitandani. Nimefurahi sana kwa habari ya paji la uso. Na hilo neno "hapana", msimkataze. Ni neno zuri kwa mtoto wa kike.

Simu ilinichosha. Tuliache hilo.

Mlio usinitumie. Niandikie kinachoonekana, kinachoshikika na kinachonuka. Hivyo vinatosha.

Usinunue kitu bado, wala usimruhusu mtu afungue injini. Silinda mbili ni kama wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja kwa kupokezana. Mmoja akisita, kinu kinayumba, na mwingine anachoka kwa kazi ya wawili. Kabla ya dawa, ujue kwanza ni yupi aliyesita. Subiri injini ipoe kabisa, halafu iwashe, uipe resi kidogo isizime. Chovya vidole kwenye maji, udondoshee kila bomba la moshi pale linapotoka kwenye injini. Bomba la silinda inayofanya kazi litayachemsha maji yapotee. Bomba la silinda iliyolala, maji yatateremka tu. Usiguse kwa mkono. Wewe ni nesi, usije ukawa mgonjwa wako mwenyewe.

Ukishajua, toa plagi zote mbili, uzitazame, uniandikie rangi zake. Kisha uzibadilishe pande, ya kulia iende kushoto, ya kushoto ije kulia. Ugonjwa ukihama nayo, plagi ndiyo mbovu. Ukibaki ulipokuwa, plagi haina kosa, tutatafuta mbele.

Lakini wewe pikipiki unaitakia nini? Kimara si mna mabasi ya mwendokasi?

Mjomba wako,
Adelard


Kimara Korogwe
17 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini Kwaresima inakwenda vema. Hapa Loveness alipata homa ikatukesha, sasa amepona na amerudi kwenye kazi yake ya kumwaga unga. Pale zahanati tumefunguliwa chumba kipya cha kina mama kujifungulia, chenye madirisha makubwa, na mie ndiye niliyepokea mtoto wa kwanza humo.

Nilifanya kama ulivyosema. Jumamosi, hapo uani, Augustine ameshika bakuli la maji kama msaidizi wa padri. Bomba la kulia, maji yalilia tss yakapotea. La kushoto yakateremka kama ukutani. Nikadondosha tena, yakateremka tena. Nikaweka mkono, najua ulinikataza, na bomba lilikuwa baridi. Mjomba, niliruka! Augustine akanitazama.

"Sasa unafurahia ugonjwa?"

"Nafurahia kujua unakolala," nikamwambia.

Plagi ya kulia ni ya kahawia, rangi ya biskuti. Ya kushoto ni nyeusi tii, imelowa petroli. Nimezibadilisha pande, na bado bomba la kushoto ni baridi. Kwa hiyo plagi haina kosa, au nimekosea?

Pikipiki nina shughuli nayo. Tuliache hilo, kama usemavyo wewe.

Lakini kuna moja siwezi kuliacha. Mama Hamida amerudi. Anasema alikuona gulioni Ndanda, akakuita jina, akakuita tena, watu wakageuka wote isipokuwa wewe. Ukampita hivi hivi kama mti. Mama Hamida si mtu wa kuzusha. Na ubatizo wa Loveness hukuja, wala hukutuma neno, nikajisemea ni umbali. Sasa nauliza kwa sababu mie si mtoto tena. Nimekukosea nini? Mama alipofariki ni wewe uliyenichukua. Ni pikipiki hiyohiyo uliyonipakia kunipeleka bweni Kibaha, sanduku langu limefungwa kamba nyuma, na njiani unasimama kuniuliza kama upepo si mkali. Mtu wa namna hiyo hawezi kunikataa bila sababu. Nambie sababu, hata kama ni mbaya.

Anjelina


Mwena
9 Aprili 2024

Anjelina,

Marahaba. Pasaka ilipita salama. Hujanikosea kitu, wala sijamkataa mtu gulioni. Mpe mama Hamida pole zangu.

Hukukosea. Plagi nyeusi iliyolowa ina maana petroli inafika lakini haiungui. Pana upungufu wa moto. Fanya hivi, pasipo jua kali ili uone. Toa plagi ya kushoto, ivalishe kofia yake ya waya, ilaze kwenye chuma cha injini igusane vizuri. Tundu ilimotoka lizibe kwa kitambaa, na petroli yoyote iwe mbali. Augustine apige kiki, wewe utazame. Cheche nzuri ni ya bluu na nene. Ikiwa nyekundu na nyembamba, anza na kofia, kisha waya, kisha koili. Kofia hutoka kwa kuizungusha. Ukikuta ncha ya waya imeota ukijani, ikate kidogokidogo mpaka uone shaba inang'aa.

Kama inakusumbua, iuze. Sitakasirika.

Adelard


Kimara Korogwe
12 Mei 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Masika huku imetukomesha. Barabara ya kwetu imekuwa mto, na Augustine anakwenda kazini amebeba viatu mkononi. Loveness anakusalimia. Nimemfundisha kusema "babu", maana "mjomba wa mama" ni refu kwake.

Naanza na pikipiki, maana huko nina nguvu za kuandika. Cheche ilikuwa nyekundu, tena ya kuvizia, inakuja na kukata. Nilizungusha kofia ikatoka na ukijani, waya umeoza ndani kama jino. Nikakata mpaka shaba ikang'aa, nikanunua kofia mpya kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani. Kiki ya kwanza! Mabomba yote mawili yakachemsha maji, na mtetemo ukapungua nusu. Ila imebaki kasoro. Nikiachia resi ghafla inapiga mibao huko nyuma, pwa, pwa, mpaka mbuzi wa jirani wanakata kamba. Na ikisimama haitulii, inapanda yenyewe, inashuka yenyewe.

Nikaona nisikusumbue, niipeleke kwenye gereji yako ya zamani kule Temeke kwa Fundi Brightson, uliyefanya naye kazi. Alikuwa anakula. Alipoiona pikipiki aliacha chakula akaizunguka, akashika usukani kama anamsalimia mtu. Kisha akaniuliza, "Mzee anaendeleaje na masikio?"

Nikamwambia, "Masikio gani?"

Akageukia sahani yake. Alijua amesema lisilo lake. Nikamwambia, "Fundi, yule ndiye baba yangu. Sema."

Akanisimulia. Kwamba miaka yako ya mwisho pale ulikuwa unachukua bisibisi ndefu, ncha unaigusisha kwenye injini, mpini unaung'ata kwa meno, unafumba macho. Wenzako wakadhani ni mbwembwe za mzee. Yeye ndiye aliyegundua, kwa sababu mtu akikuita kwa nyuma hugeuki, na ukiongea na mtu unamtazama mdomo, si macho. Hakuwahi kukuuliza. Anasema aliona ungevunjika.

Mjomba, nilikaa juu ya tairi kuukuu pale gereji nikalia mbele za watu, na Brightson akanisimamia jua lisinipige. Simu uliyomrudishia mwenyekiti. Gulio. Ubatizo. Mlio wangu niliotaka kukutumia! Kila kitu kikajipanga. Mie nilikuwa nahesabu dharau, kumbe ulikuwa husikii.

Sasa nisikilize, maana hapa nasema kama nesi. Maneno ya Brightson nilimpelekea daktari anayekuja pale kwetu zahanati. Aliponisikia nikisema bisibisi na meno, aliweka kalamu chini. Akasema mtu ambaye ndani ya sikio kumekufa kabisa hawezi kusikia hata kwa mfupa. Kama ulikuwa unasikia kweli kwa njia ya meno, basi huenda ndani ni salama, na kilichoharibika ni njia ya kupitishia sauti. Unanielewa? Moto upo, waya ndio mbovu. Hakuahidi kitu, kasema huenda. Naomba uende mahali penye mashine, ufanye vile ulivyokuwa ukifanya, uniandikie ukweli. Usinifiche tena.

Uliniuliza pikipiki naitakia nini. Nilitaka kuja kwako juu yake. Nilitaka uisikie ikiingia uani kabla hujaniona. Basi, ndiyo hiyo tu.

Anjelina


Mwena
23 Juni 2024

Mwanangu Anjelina,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa zile shikamoo za kwenye simu nisizozisikia.

Nimekaa na barua yako muda mrefu, nisamehe kwa kukuweka roho juu. Nilipofika pale ulipoandika kwamba ulitaka niisikie ikiingia uani, niliikunja karatasi nikaenda shambani, nikapalilia hata mahali pasipo na majani.

Ni kweli. Sikio la kulia lilianza kwanza, nikadhani ni nta. Kisha la kushoto. Haikuja kwa siku moja, ilikuwa kama mtu anafunga milango ya nyumba mmoja mmoja, taratibu, bila kubamiza. Kwenye gereji niliweza kuishi kwa bisibisi na kwa mikono. Lakini siku moja nilimkabidhi mama mmoja gari lake nikamwambia limepona. Akaliwasha, akafika getini akasimama. Nikaona mdomo wake ukisema, "Fundi, mbona inagonga?" Nikatazama wenzangu, na nyuso zao zote zilikuwa zimesikia. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimesimama kwenye ukimya. Nikamwambia arudi kesho. Brightson akalitengeneza. Mwezi haukuisha nikafungasha.

Kwa nini sikukwambia? Ulikuwa mjamzito. Nilijua utanitoa Temeke na kunileta kwako, unitengee kitanda na kiti, nami nikae hapo nikicheka wenzangu wanapocheka. Na ubatizo nilitamani kuja kuliko unavyodhani. Nikafikiria kanisa zima linakuja kunipa mkono, huyu ananiuliza safari, mimi namjibu "asante, jina langu Adelard." Nikaona bora mniite mjomba mkaidi kuliko mjomba wa kuonewa huruma. Huku nako wamenipa jina la mwenye maringo. Nimelibeba, si zito sana.

Nilikwenda kwenye mashine ya kusaga ya bwana Eliaichi. Ni Mchaga aliyehamia huku, mtu wa watu. Nikamwonyesha bisibisi, akaniruhusu kwa mkono, nadhani aliona uzee umeniingia. Nikagusisha ncha kwenye ganda la mashine, nikang'ata mpini.

Anjelina, nilisikia. Si mtetemo tu, maana mtetemo naujua. Nilisikia mkanda ukipiga, na nikasikia beringi ya nyuma ikilia kama kifaranga. Nikamwambia Eliaichi, "Hiyo beringi ya nyuma imekwisha." Akacheka, akasema neno sikulipata. Lakini nadhani moyo haukumtulia, kwa sababu aliifungua, na baadaye akaja hapa kwangu na beringi mkononi na mfuko wa unga begani. Tulikaa pamoja bila kusema mengi. Ni rafiki wa kwanza niliyempata tangu nihamie.

Kwa hiyo mwambie daktari wako kwamba ndiyo.

Sasa hiyo mibao. Injini inayopiga hivyo ukiachia resi, na isiyotulia ikisimama, mara nyingi inavuta hewa ya wizi. Tazama mipira inayounganisha kila kabureta na injini. Umri wake ni mkubwa, lazima mmoja umepasuka. Weka maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, iwashe, upulizie mpira mmoja kisha mwingine. Ukipulizia ule uliopasuka, injini itabadilika hapo hapo, kwa sababu maji yameziba mwanya. Badilisha yote miwili, usiwe na ubahili.

Ukimaliza, zisawazishe kabureta. Mafundi watakwambia lazima kifaa. Kipo, na ni kizuri, lakini Mungu alikupa kingine. Iwashe, chuchumaa nyuma yake, weka kiganja kimoja mbele ya kila tundu la moshi, mbali kidogo usiungue. Utahisi pumzi mbili. Ile dhaifu, ongeza kidogo kwa skrubu ya kabureta yake, kidogo sana, mpaka viganja vyako visiweze kusema ipi ni ya kulia na ipi ni ya kushoto. Ndivyo nilivyofanya kazi mpaka siku ya mwisho.

Njoo. Lakini usije peke yako, na mlale njiani, msishindane na mabasi. Nitakuwa uani.

Mjomba wako asiyekukataa,
Adelard


Kimara Korogwe
7 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo! Hii fupi, naiwahisha kwa dereva wa basi la Kusini pale Mbagala Rangi Tatu, anaondoka alfajiri.

Mpira wa kulia ndio uliokuwa umepasuka, chini kabisa, mahali ambapo jicho halifiki. Nilipoupulizia sabuni injini ilitulia kama mtoto aliyepewa titi. Nimebadilisha yote miwili. Viganja vyangu vinanuka moshi mpaka sasa, na Augustine naye akaja kuchuchumaa kando yangu, akaweka vyake, akasema, "Mbona ni kama mtu mmoja anahema?" Nikajua imekubali.

Daktari amesema uje. Tumepata nafasi kwa bingwa wa masikio. Loveness atabaki na mama Hamida, na Augustine atakaa nyuma yangu, mgongo wake na viti vyake vya shule. Sitakutengea kitanda cha mgonjwa. Utalala chumba cha wageni kama mgeni, na ukichoka utarudi kwako. Naahidi.

Tunakuja.

Anjelina


Mwena
10 Novemba 2024

Mwanangu Anjelina, na mkwe wangu Augustine, na mjukuu wangu Loveness,

Nawasalimu nyote. Nimerudi salama. Mikorosho imezaa hata matawi yanainama, na kila anayepita ananiuliza mliniwekea nini sikioni, nami namjibu, kwa kuwa nasikia swali.

Sijawahi kukuandikia barua ya shukrani, Anjelina. Kwetu mkubwa hushukuru kwa kutikisa kichwa. Leo nataka niandike.

Nashukuru kwanza kwa ile siku mliyofika. Ulitaka niisikie pikipiki ikiingia uani, na sikuisikia. Nilikuwa nimewapa mgongo, nafunga kamba za ghala. Niliona kuku wakitimka wote kwa mkupuo kupita miguuni pangu, nikajiuliza ni kicheche gani huyu wa mchana, nikageuka. Ulikuwa umevua kofia ngumu na uso wako mwekundu kwa vumbi la Nangurukuru. Nilipaswa kukukumbatia kwanza. Badala yake nilikwenda nyuma ya pikipiki nikachuchumaa nikaweka viganja. Nisamehe. Lakini nilipoinuka nilikuwa na hakika kwamba umeifanya kazi hiyo vizuri kuliko ningeweza kuifanya mimi leo, na machozi uliyoyaona hayakuwa ya moshi kama nilivyodai.

Nashukuru kwa yule bingwa wa masikio, ambaye sikumwogopa kwa sababu alifanya kazi kama fundi. Aligonga uma wa chuma unaotoa mlio, akauweka kwenye mfupa nyuma ya sikio langu. Nikasikia. Akausogeza mbele ya tundu la sikio. Sikusikia kitu. Akarudia upande wa pili. Hakuniambia nibadilishiwe kichwa kizima. Alinichorea vifupa vidogo vilivyokakamaa ndani, akaandika kwenye karatasi, "Mzee, hapa ndipo penye shida, huku nyuma ni salama." Nikamshika mkono kwa muda mrefu. Mwambie Augustine asicheke akikumbuka.

Nashukuru kwa wiki zile Kimara. Ulinitahadharisha kwamba kifaa hiki cha kusikilizia kingeniletea kila kitu kwa pamoja, na kweli, siku ya kwanza nilitaka kukivua. Mabati, vijiko, redio ya jirani, bomba la maji. Kumbe dunia ina kelele kiasi hicho na mlikuwa mnaivumilia bila kusema! Na pikipiki yangu, nilipoiwasha juzi hapa kwa Eliaichi aliyekuwa ameitunza, nikagundua haina mlio mzuri hata kidogo. Ni mlio wa sufuria. Miaka yote nilikuwa naupenda. Sasa naupenda zaidi, ila sitamdanganya mtu tena kwamba ni muziki.

Umeniachia pikipiki, ukarudi na basi. Nilitaka kukataa. Lakini ulinitazama kama mama yako alivyokuwa akitazama, nikaona nitakuwa najisumbua. Naitumia kwenda kwa watu. Mama mmoja wa Chigugu alinipigia kelele barabarani, "Mzee mwenye maringo, kumbe unajua kusimama!" Nikasimama nikala naye mihogo.

Jumapili iliyopita nilikwenda kanisani. Miaka mitatu nimekuwa nakwenda, nasimama wanaposimama, napiga magoti wanapopiga, nasogeza midomo. Safari hii niliketi mbele karibu na kwaya. Wimbo ulipoanza nilikuwa naujua tangu utoto, nikafumba macho nikaimba. Niliimba kwa moyo wote, ubeti wa kwanza, wa pili. Nikahisi mtu ananigusa kiwiko. Ni Editha, yule mjane anayeongoza sauti ya pili. Aliinama karibu na sikio langu, akacheka, akasema, "Babu Adelard, punguza. Unatufunika kwaya nzima."

Watu wa benchi letu wakageuka kunitazama, nami sikuona haya. Nikapunguza. Na nilipopunguza, nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikishuka, ikaingia katikati ya sauti za wengine, ikakaa humo.

Asante, mwanangu.

Adelard